Jumamosi saa nane kwenye kibanda umiza cha Tukuyu

Wenyeji wa Tukuyu mnakijua kile kibanda umiza, ule ukumbi wa mabati wa kuonyeshea mpira kwa kiingilio, nyuma ya stendi, chenye mlango wa bluu na ubao wa chaki unaoandikwa mechi za siku. Nimepita mbele yake miaka 11 nikienda sokoni kununua zipu na nyuzi, na sikuwahi hata kuchungulia, maana pale ni pa vijana na mpira wao. Sasa nimeingia Jumamosi nne mfululizo. Mara mbili nilikwenda na mama mkwe wangu, bibi wa miaka 70 na ushee, na mara zote nilikuwa na wale mabinti watatu wanaojifunza ushonaji kwangu. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekilipia.

Huduma yenyewe iko hivi. Kuanzia saa nane mchana mpaka muda wa mpira, mwenye kibanda anamwachia projekta mpwa wake, binti aliyemaliza chuo na bado anatafuta ajira. Binti anaonyesha hotuba za wanawake weusi wa pande zote za dunia na kuzitafsiri kwa Kiswahili palepale. Kiingilio ni shilingi 1,000 na humo mna kikombe cha chai ya maziwa. Mwanafunzi analipa 500. Chai ni nzuri, majani ya hapahapa Rungwe, imechemshwa pamoja na maziwa tangu mwanzo. Maandazi unanunua kwa mama wa mlangoni.

Niseme kwanza kuhusu ukalimani, maana ndio unaobeba huduma nzima. Tumezoea muvi za kutafsiriwa, mtafsiri anaongeza vichekesho vyake, anaruka anapochoka, na kwa muvi sina neno. Nilidhani na hapa itakuwa vilevile, au atatupa yale maneno ya kuhamasisha tu: jitume, jiamini, usikate tamaa. Hakufanya hivyo. Anamwacha mama wa watu azungumze kidogo, anabonyeza rimoti, picha inasimama, anatueleza kilichosemwa, chote, hata jina la kijiji na rangi ya kitu, halafu anaendelea. Hotuba ya dakika 19 inakula karibu saa nzima. Jumamosi ya kwanza wapo walionung'unika kwamba anachelewesha. Mimi nasema aendelee hivyohivyo. Siku atakayoanza kutukatia na kutupa vichwa vya habari tu, sitarudi.

Na sababu yangu ni hii. Siku hiyo ya kwanza alituwekea Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, hotuba aliyoitoa Oxford, Uingereza, mwaka 2009. Anazungumzia hatari ya kumjua mtu kwa hadithi moja tu. Kwao alikuja kijana wa kazi za ndani aitwaye Fide, na mama yake Chimamanda alikuwa akimwambia amalize chakula, kwa kuwa kina Fide hawana kitu. Siku walipokwenda kijijini kwao Fide, mama wa yule kijana akatoa kikapu kizuri chenye nakshi za rangi, kilichosukwa na kaka yake Fide. Chimamanda anasema alishtuka. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa nyumba ile anaweza kutengeneza kitu, kwa sababu alichoambiwa siku zote ni umaskini wao peke yake.

Binti aliposema kikapu, nilishindwa kunywa chai. Mimi nimezaliwa Kilolo. Nikiwa na miaka 16 nilipelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, nikakaa miaka mitatu. Wageni wakija, wananiangalia nikipita na sinia, wanauliza, "Huyu umempata wapi?" Mama mwenye nyumba anajibu, "Iringa," na wote wanaitikia kwa kichwa kama vile swali limekwisha. Miaka yote mitatu hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu tunafanya nini. Bibi yangu alisuka vikapu vya milulu, vile vinavyouzwa ghali kwa watalii, na mimi nilikuwa najua kusuka kitako na kupandisha ubavu kabla sijaanza darasa la tatu. Kuna siku mama mwenye nyumba alinunua kikapu kama kile dukani, akakiweka sebuleni, nikawa nakifuta vumbi. Sikusema. Ningeanzia wapi?

Kama binti angefupisha ile hotuba kuwa "tusiwadharau watu", ningeitikia na kusahau nikifika mlangoni. Kile kikapu ndicho kilichonikuta. Niliwasimulia mabinti wangu jioni ileile tukiwa tunafunga duka, na mmoja wao, ambaye ana mwaka mzima kwangu, akasema, "Dada, sisi hatukujua kama unasuka." Jumanne nilimpigia mdogo wangu Kilolo aniletee milulu.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya Wangari Maathai, na hiyo ndiyo niliyokwenda na mama mkwe. Alikubali kwa sababu aliambiwa ni mwanamke wa Kenya aliyepanda miti. Tuliambiwa habari zake kwa ufupi: alizaliwa Nyeri mwaka 1940, mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa, mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement ya wanawake kuotesha na kupanda miche, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Nobeli ya Amani. Kisha tukaoneshwa hotuba aliyoitoa Oslo siku ya kupokea ile tuzo, Desemba 10.

Ndani ya ile hotuba yamo mambo makubwa ya utawala na amani, na yalitafsiriwa vizuri. Lakini mwishoni anarudi utotoni. Anasema alikuwa akienda kijitoni karibu na kwao kumchotea mama yake maji, akayanywa palepale mtoni. Anacheza kwenye majani ya... na hapo binti akasimamisha picha, akatugeukia. "Shikamoo bibi," akamwambia mama mkwe, "naomba unisaidie. Ule mmea wa majani mapana unaopandwa kandokando ya mto, unachimba kiazi chake chini, hapa tunauitaje?" Mama akajibu, "Marahaba. Si magimbi hayo?" Ukumbi mzima ukasema magimbi. Binti akashukuru, "Ndaga fijo, bibi," akaendelea: Wangari alicheza chini ya majani ya magimbi, akaona mayai ya vyura yametungamana majini akadhani ni shanga. Akawa anapitisha vidole vyake vidogo chini ili azibebe, zinakatika. Baadaye akarudi akakuta viluwiluwi maelfu, vyeusi, vinajipinda kwenye maji meupe juu ya udongo wa kahawia. Halafu anasema, zaidi ya miaka 50 baadaye, kile kijito kimekauka, kina mama wanakwenda mbali kutafuta maji, na hayo maji nayo si safi kila mara.

Mama mkwe wangu alikuwa amenyanyua mkono na vidole vyake viwili vimekunjwa kwenda juu, hivi, kama mtu anayebeba kitu cha kuteleza. Hakujua kama anafanya hivyo. Na yeye aliwahi kuzibeba zile shanga.

Tukatoka hapo mjadala umewaka, na sijawahi kuona mjadala wa namna ile nje ya kanisa au kikoba. Kule kwetu chini kuna chemchemi ambayo mtu amepanda milingoti, yaani mikaratusi, pembeni yake, na kila mwaka kiangazi kinaikuta imepungua. Kijana mmoja akasema sheria ya mazingira, ya mwaka huohuo wa 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mama mkwe akauliza mita 60 ni hatua ngapi. Jumatatu alikwenda kuzihesabu mwenyewe.

Sasa niseme malalamiko, maana siku hiyohiyo mvua ilinyesha. Tukuyu mvua si habari, lakini kibanda hakina dari, na mvua ikipiga bati husikii chochote. Tulikaa dakika 20 tunamtazama Wangari akizungumza bila sauti. Spika iko moja, mbele kushoto. Wamiliki waweke hata maboksi ya mayai na magunia juu, au siku za mvua binti ashuke asimame katikati ya mabenchi. Choo ni kimoja, hakina kitasa kwa ndani; kwa mahali panapoita wanawake, hilo lilipaswa kutengenezwa kabla ya tangazo kubandikwa. Siku moja umeme ulikatika na tukarudishiwa 500 kila mmoja bila kuomba. Hapo nawapongeza.

Lakini lililonikera kuliko yote ni Jumamosi ya tatu. Hotuba ilikuwa ya Tererai Trent wa Zimbabwe. Aliozwa angali mtoto. Shule alikuwa anapelekwa kaka yake, yeye anajifunza kwa madaftari ya kaka na kumfanyia kazi zake za nyumbani mpaka mwalimu akagundua. Mwaka 1991 akaja kijijini kwao mwanamke kutoka Heifer International, Jo Luck, akawauliza kina mama wana ndoto gani. Jina la Heifer huku kwetu wengi wanalijua kwa ng'ombe, ule utaratibu wa kukopa mtamba na kulipa mtamba, kwa hiyo watu walisogea mbele kwenye mabenchi. Tererai akataja nne: kwenda Marekani, kupata shahada ya kwanza, ya pili, na ya udaktari. Akaziandika kwenye karatasi, akatia kwenye kopo. Mama yake akamwambia kuna jambo limepungua...

Na hapo vijana wakaanza kupiga mabati kwa nje. Mechi ya saa kumi. Binti akaomba dakika tano, mjomba wake akasema wateja wa mpira ni wengi, projekta ikahamishwa. Tulitoka tukipishana na vijana mlangoni, na mabinti wangu wananiuliza mama yake alisema nini, na mimi sijui. Wiki nzima ya kushona hatujui. Mwenye kibanda ana haki ya biashara yake, lakini na sisi tulilipa. Waanze saa saba. Mama anayetoka sokoni au shambani Jumamosi anaweza kufika saa saba.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya yote, binti alitumalizia. Mama yake Tererai alimwambia aongeze ndoto ya tano, ya kuwafaa watu wa kwao. Akaiandika, akalifukia kopo chini ya jiwe. Mwaka 2009 akapata shahada ya udaktari huko Marekani, kila akitimiza moja anarudi kufukua na kuweka alama. Ya tano ilitimia kwa shule: Oprah Winfrey, yule mtangazaji wa televisheni wa Marekani, alitoa dola milioni 1.5 na Tererai akaijenga upya shule ya msingi aliyokuwa akiitamani utotoni. Mmoja wa mabinti wangu ameniomba lile kopo nililokuwa nawekea vifungo. Nimempa, vifungo nimevihamishia kwenye mfuko.

Baada ya hapo ilikuwa ni vipande vifupi vilivyowekewa muziki, dakika mbili mbili, na sivipendekezi. Umeona uso, umesikia sentensi moja kali, amekuja mwingine. Afadhali kimoja tu, cha Sojourner Truth, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa utumwani akaja kutetea haki za weusi na za wanawake, kilichosomwa na mwigizaji, kwa kuwa mwaka 1851 alipozungumza kule Akron, Ohio, hakukuwa na cha kurekodia. Binti alituambia wazi kwamba yale maneno yaliyopata umaarufu, "Je, mimi si mwanamke?", yaliandikwa miaka 12 baadaye na mtu mwingine, kwa lafudhi ya watumwa wa kusini, wakati Sojourner alizaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Akatusomea na taarifa ya zamani zaidi, ya mwaka uleule wa 1851, tukalinganisha. Ni mkalimani gani mwingine angejipa kazi hiyo kwa kiingilio cha elfu moja?

Ombi langu kwake nimempa kwa mdomo na naliandika hapa. Atuwekee na wa kwetu. Bibi Titi Mohamed alizunguka na kina mama wa vikundi vya ngoma kuijenga TANU, na vijana wengi wanamjua kama jina la barabara ya Dar es Salaam. Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Na Tulia Ackson wa hapahapa Rungwe alichaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani kule Luanda, Oktoba 2023, mwanamke wa kwanza wa Afrika kwenye kiti hicho. Binti amesema anatafuta rekodi za Bibi Titi zinazosikika vizuri.

Mkienda, fikeni saa nane kasoro robo na mkae benchi la pili upande wa kushoto, karibu na spika. Bebeni sweta au kitenge kizito, upepo unapita chini ya mabati. Wazee walio na shida ya magoti waombe kiti cha plastiki, viko vinne nyuma ya kaunta na havitolewi mpaka uulize.