Samaki wa mapambo: tetra kadinali au tetra wa Kongo kwa tangi la lita 400?
Kinachoamua ni maji, rangi baadaye. Visima vingi vya Arusha vina floraidi na alikali nyingi. Kadinali, samaki wa maji laini (yenye madini machache) ya Rio Negro, mto wa Amazonia, hudhoofika humo usipochanganya maji ya mvua, tena kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kwa maji ya kisima tunapendelea Kongo: huvumilia zaidi, ingawa naye hapendi maji magumu mno. Kumi wanatosha, kwani dume hufika sentimita 8. Kadinali wa sentimita 4 weka 40. Kongo hutafuna machipukizi laini, basi panda anubiasi, mmea wa majani magumu. Na Julai, hita nyuzi 25 kwa wote; baridi ya Meru haina mzaha.