Kudarizi jina la mtoto Kisumu: shali iko sawa kabisa, ile kadi ya maana ya jina soma kwanza

Kama uko Kisumu na unatafuta mahali pa kudarizi jina la mtoto kwa shali ama blanketi, kuna vijana wako na kibanda upande wa soko la Kibuye na hawa watu wanajua kazi, peleka bila wasiwasi. Ile kadi ya maana ya jina wanayokuuzia pamoja na shali ndio nataka tuongee, na nitaongea sana kwa sababu jina lenyewe ni Apolonia na hilo jina kwetu ni kitu kikubwa.

Mtoto ni wa ndugu yangu, mimi ndio senge wake, yaani shangazi, na kwetu Bungoma senge haendi ubatizo mikono mitupu. Ameitwa jina la kukhu yetu, yaani nyanya, aliyetuacha, ambaye alibatizwa huko Kibabii zile enzi padri ndio alikuwa anafungua kalenda ya watakatifu. Jina la nyumbani ni Nafula, mvua ilikuwa inanyesha alipozaliwa, lakini hilo halikuwa na ubishi. Apolonia ndio ilileta maneno, wengine wanasema ni jina la wazee, mwingine akasema mtoto atachekwa shuleni, na kuna mama mmoja wa maombi alikuja na Biblia yake kusema hilo jina liko Ufunuo na ni la yule malaika wa shimo. Sasa ukiwa na familia iko hivyo, kadi yenye maana ya jina si urembo tu, ni kitu watu watasoma pale mezani wakikula na watakitumia kuamua kama mtoto amepewa jina nzuri ama ameharibiwa.

Kwanza kazi ya uzi. Nilichagua shali ya rangi ya maziwa na uzi wa dhahabu, na kitu kilinifurahisha ni kwamba hawakukimbilia shali moja kwa moja. Msichana wa kompyuta alipanga herufi, akaniuliza ni L moja ama mbili (na hapo nikaona huyu ameshafanya hii kazi, maana kuna wanaoandika Apollonia na kuna wanaoandika Apolonia, na kadi ya ubatizo ya kukhu ilikuwa na moja), halafu wakadarizi kwa kipande cha kitambaa cha marekani kwanza tuone. Ile A ya mwanzo ilikuwa inabanana na p, tukaiona hapo hapo kwa kitambaa, wakasogeza, ndio wakaingia kwa shali. Ukigeuza upande wa nyuma hakuna nyuzi zinaning'inia, na ile karatasi ya kushikilia kitambaa wameikata hadi karibu na herufi haikwaruzi. Mtu amewahi kununua shali ya jina anajua hapo ndio wengi huharibu, mbele inang'aa na nyuma ni kama msumeno kwa shingo ya mtoto. Hii nimeiosha tayari kwa maji ya uvuguvugu na uzi haujatoa rangi. Hapo ni nyota tano, hata kama kungekuwa na sita ningewapa.

Sasa kadi. Imeleminetiwa vizuri, ina maua ya waridi pembeni, na katikati imeandikwa: Apolonia, asili yake Kihispania, maana malkia wa maua, zawadi ya jua, mwenye nguvu, rangi ya bahati zambarau, namba ya bahati saba. Nikamuuliza fundi haya wametoa wapi akasema, "Mama, hiyo tunatoa tu kwa simu, tunaweka jina inaleta maana, na watu huipenda." Na ni ukweli watu huipenda, nimeona kadi kama hizo kwa nyumba za watu wengi, ziko kwa fremu ukutani. Tatizo ni kwamba hizo programu za simu, jina likiwa ni Mary ama Grace zinapatia kidogo, jina likiwa adimu zinajaza tu maneno matamu. Na wenye majina adimu ndio wanahitaji ukweli zaidi, kwa sababu jirani hawezi kukueleza, mwalimu hawezi kukueleza, hakuna Apolonia wengine wawili darasani wa kulinganisha naye.

Ukweli ni huu. Apolonia ni jina la Kigiriki, ni umbo la kike la Apolonio, na maana yake ni wa Apolo, yaani mtu wa huyo Apolo, mungu wa Wagiriki wa zamani ambaye walimuomba kwa mambo ya muziki, uaguzi na uponyaji, na baadaye wakamuunganisha na jua. Kwa hivyo hiyo "zawadi ya jua" imetoka huko kwa mbali lakini zawadi haimo, na malkia wa maua hayumo kabisa. Jina lenyewe Apolo lilitoka wapi wataalamu wa lugha hawajakubaliana hadi leo. Na kulikuwa na miji kadhaa ilipewa hilo jina, mmoja magofu yake yako Albania, ndio huko Oktavio, yule alikuja kuitwa Kaisari Augusto, alikuwa anasoma wakati Julius Caesar anauliwa mwaka 44 kabla ya Kristo.

Lakini hakuna mtu Bungoma alibatizwa Apolonia kwa sababu ya mungu wa Wagiriki ama mji wa Albania. Ni kwa sababu ya mama mmoja mzee wa Misri. Alikuwa anaishi Iskanderia, hiyo Alexandria ya leo, na mwaka 249 kukatokea fujo za kuwapiga Wakristo, hata kabla Desio, mfalme wa Roma, hajatoa amri yake ya watu wote kuitolea miungu sadaka. Wakamshika huyu mama, wakampiga kwenye taya hadi meno yote yakatoka, halafu wakawasha moto nje ya mji wakamwambia tamka maneno ya kumkufuru Kristo ama tukuchome. Akaomba wamwachilie kidogo, walipomwachilia akaruka kwa moto mwenyewe. Haya si hadithi ya kutungwa miaka mingi baadaye, askofu wa huo mji wakati huo, Dionisio, aliandika barua kumweleza askofu Fabio wa Antiokia, na Eusebio akaihifadhi kwa historia yake ya kanisa. Kwa sababu ya hayo mambo ya meno, Mtakatifu Apolonia ndio wanamuomba wenye kuumwa meno, na madaktari wa meno wanamhesabu kuwa msimamizi wao, sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Kwa picha utamjua na koleo lenye jino, kama ile ya mchoraji Zurbarán iko jumba la makumbusho la Louvre huko Paris. Ila wachoraji karibu wote wamemfanya msichana mrembo, na barua ya askofu inasema wazi alikuwa mzee. Mimi hapo ndio huwa nasimama nikisikia mtu anasema ni jina la wazee. Ndio, ni la mzee, na ule uzee wake ndio unafanya nilipende, mama wa umri ule na bado hawakumweza.

Kwa yule mama wa maombi, Ufunuo 9:11 kumeandikwa Apolioni, ambalo linatoka kwa neno la Kigiriki la kuharibu, kwa Kiebrania ni Abadoni. Sauti zinakaribiana lakini jina la mtoto halikutoka hapo. Tena fungua Matendo 18 utampata Apolo, mhubiri hodari aliyeyajua Maandiko, na yeye pia mzaliwa wa Iskanderia, na jina lake ni ufupi wa hayo hayo majina ya Apolonio. Huku kwetu na Uganda wanaume wa jina Apolo hawajawahi kusumbuliwa, kulikuwa na Apolo Kagwa katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, kukawa na Apollo Milton Obote aliyekuwa rais wa Uganda, hakuna mtu aliuliza mambo ya pepo. Na kama shida ni mungu wa Kigiriki basi tuwaondoe kina Dennis wote Kisumu, maana Dennis ni Dionisio, na Dionisio ni wa Dionisi mungu wa divai, na Martin anatoka kwa Marsi mungu wa vita wa Warumi. Huyo askofu mwenyewe aliyeandika habari za Apolonia alikuwa na jina la mungu wa divai na hakuna mtu alimvua uaskofu. Jina likishabebwa na mtu mwema linakuwa lake.

Sasa kwa nini limekuwa adimu hivi. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, jina la mke wa injinia Preston (hata mji wetu uliwahi kuwa na jina la mama wa watu), na mapadri wa Mill Hill, wamisionari Wakatoliki kutoka Uingereza, wakaja 1903, mwaka uliofuata wakaenda Mumias. Sheria ya kanisa ya 1917 ilimwambia padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa yeye mwenyewe aongeze jina la mtakatifu na aandike yote mawili kitabuni. Ndio unapata nyanya zetu ni Perpetua, Skolastika, Petronila, Leokadia, Emerensiana, majina ambayo kwa sheria zile yalikuwa yanatoka kwa kalenda. Halafu sheria ya 1983 ikalegeza, inasema tu jina lisiwe la kupingana na imani ya Kikristo, na mzazi akawa huru. Leo ukiingia klinik ya watoto ni Precious, Natasha na Shantel, na hao wazuri pia, lakini Apolonia unamsikia kwa matangazo ya vifo. Hilo linaniuma kusema ukweli, kwamba jina liko redioni wakati wa kuzikwa tu.

Na si kwamba limekufa dunia nzima. Wafaransa wanalo kama Apolline na wanawapa watoto wao hadi leo. Wapolandi wanaandika Apolonia kama sisi, na ufupi wake Pola siku hizi unapewa watoto wengi huko, yule mwigizaji wa filamu bubu Pola Negri jina lake la kuzaliwa lilikuwa na Apolonia ndani. Marekani kulikuwa na mwimbaji Apollonia Kotero miaka ya themanini. Kwa masikio ya Kisumu lenyewe linaingia vizuri sana, linaanza na A kama Akinyi, Atieno, Achieng, hata fundi alinicheka akasema huyu ni mtoto wa huku kabisa. Nyumbani tayari wanamuita Loni.

Turudi kwa kadi. Niliwaambia siwezi kuichukua hivyo, na hapa nawapa heshima yao, hakuna mtu alinuna wala kuanza kuniambia kadi ikishatoka kwa printa imetoka. Msichana akafuta yote, nikamwandikia maneno yangu kwa Wozap: jina la Kigiriki, jina la Mtakatifu Apolonia wa Iskanderia, Misri, aliyekufa kwa imani mwaka 249, sikukuu 9 Februari, na chini yake "Amerithi kukhu yake." Akatoa waridi moja ili maneno yaenee. Rangi ya bahati na namba ya bahati tuliondoa, ingawa alijaribu kunishawishi tuache zambarau. Na mezani siku ya ubatizo ndio iliyosomwa, baba yangu aliisoma kwa sauti na hakuna aliyeongeza neno. Yule mama wa maombi aliomba apigiwe picha ya kadi.

Kwa hivyo ombi langu kwao, na nilimwambia fundi uso kwa uso, ni hili: kama kastoma amekuja na jina hamlijui, muulizeni yeye jina limetoka kwa nani. Wengi wanajua, ama wana shangazi nyumbani anajua, ama parokia inaweza kusema. Mwenye jina la Kiluo ama Kibukusu ndio kabisa, nimeona kwa ukuta wao kadi ya sampuli ya Nekesa imeandikwa "binti wa mfalme" na kila mtu huku anajua Nekesa ni wa wakati wa kuvuna. Hapo hakuna haja ya simu, ni kuuliza mama yeyote anayepita na kikapu. Akasema watabadilisha hiyo sampuli, na nikipita huko nitaangalia.

Bei nilipata shali na kudarizi mia tisa, kadi mia na hamsini, hawakuongeza kwa kubadilisha maneno. Unalipa nusu kwanza kwa M-Pesa na nusu ukichukua. Usiende Jumapili, ile siku soko limejaa hutapata hata mahali pa kusimama uangalie herufi, enda katikati ya wiki asubuhi. Jina beba limeandikwa kwa karatasi vile liko kwa kadi ya ubatizo ama cheti cha kuzaliwa, usilitaje kwa mdomo tu, na omba waanze na kitambaa cha kujaribia hata kama uko na haraka. Wanafanya pia sare za kwaya na leso, hizo sijajaribu.