Kulabu na macho ya kunasulia pikapu: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Nenda Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, uulizie kulabu ya mbele ya Hilux. Utaletewa kipande cha chuma kinene kilichopakwa rangi nyekundu, na muuzaji atakigonga kaunta usikie kilivyo kizito. Unene huo usikutie tamaa. Ni nadra kulabu kukatika katikati. Kinachoachia ni bolti, au uchomeleaji, au lile bati la chesisi ilipofungwa. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kutazama jinsi kila aina inavyoshikana na chesisi.

Hilux, Ranger au D-Max ya milango minne ikishapakia mzigo na watu hukaribia tani 3. Ikizama mpaka ekseli katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, nguvu ya kuing'oa inaweza kuzidi uzito wake wenyewe, hasa anayekuvuta akija kwa kasi na mkanda wa nailoni unaonyumbuka. Vile vipete vyembamba ambavyo gari hutoka navyo kiwandani, chini ya bampa, aghalabu ni vya kulifungia lisicheze melini, kwa hiyo usivihesabu kabisa. Hata lile jicho (pete ya chuma ya kufungia mkanda) la kuzungusha linalokaa kwenye mkoba wa jeki ni la kuvuta gari bovu kwenye barabara tambarare, si la kunasua.

Ya kwanza: jozi ya macho ya kufunga kwa bolti, yaliyotengenezwa kwa modeli yako. ARB, Ironman 4x4 na Roadsafe, zote za Australia, zinatengeneza. Ubora wake ni kwamba hutumia matundu yaliyopo tayari kwenye chesisi, kwa bolti kadhaa, kila upande jicho lake. Mtajie muuzaji mwaka wa gari: Hilux ilibadilika kizazi mwaka 2015, na jicho la ile ya zamani usitegemee kwamba litakaa kwenye mpya. Kisha uliza namba iliyogongwa kwenye chuma ni ya nini. Ikiandikwa WLL, huo ni mzigo salama wa kufanyia kazi. Ikiwa ni kiwango cha kukatikia, uwezo wake halisi ni sehemu tu ya hiyo namba, na wapo wauzaji wanaopenda kutaja ile kubwa. Jaribu pia kuingiza shakeli, yaani pingu ya chuma inayofungwa kwa pini, ya tani 4.75, yenye pini ya milimita 22. Isipopita, achana nalo.

Nunua mawili, pamoja na mkanda wa kuyaunganisha ili mvuto ugawanyike kwenye reli zote mbili za chesisi. Mkanda huo uwe mrefu. Ukiwa mfupi, pembe kati ya pande zake hupanuka, na ikifika digrii 120 kila jicho linabeba mvuto wote, kana kwamba hukugawa chochote.

Ya pili: jicho la kuchomeka nyuma. Kama pikapu yako ina chuma cha kuvutia tela chenye tundu la mraba la milimita 50, chomoa kile kishikio cha tufe, chomeka kipande chenye shakeli, basi. Ni rahisi kuliko jozi ya mbele na kinashika imara, mradi chuma chenyewe kimefungwa kwenye chesisi na si kwenye bampa. Tufe la tela lenyewe kamwe usilifungie mkanda wa kunasulia. Australia watu wamekufa kwa tufe lililokatika na kurushwa na mkanda hadi ndani ya gari jingine. Wala usipitishe kitanzi cha mkanda kwenye pini ndani ya lile tundu, maana pini inaweza kupinda ukaishia kuitoa kwa msumeno.

Ya tatu: bampa la chuma lenye macho yake. Mengine macho hayo yameungana na mabano yanayoingia kwenye chesisi, mengine ni pambo. Lala chini ya gari utazame. Kama jicho linaishia kwenye bati la bampa, hulihitaji.

Ya nne: kulabu ya wazi iliyoandikwa 10,000 LBS. Hiyo ni kama tani 4.5, na namba hiyo ni ya kulabu tu. Hufungwa kwa bolti mbili, na bolti hizo ndizo za kuzihofia. Tazama kichwa cha bolti, ndipo hugongwa namba ya daraja la nguvu yake: M12 (ya unene wa milimita 12) ya daraja la 10.9 hukatika kwa mvuto wa zaidi ya tani 8, ya 4.6 kwa tani 3 na kidogo, na ukivuta kwa ubavu zote hupungua. Bolti isiyo na namba ni ya kufungia geti. Ukiinunua kulabu hii, tupa bolti za kwenye paketi na utafute za 10.9 zenye nati za daraja linalolingana nazo.

Ya mwisho: nondo iliyokunjwa na kuchomelewa. Najua fundi wako ni hodari, na nondo yake imevuta malori. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kujua kama uchomeleaji umeingia ndani au umekaa juu juu, na chesisi iliyopata joto hupoteza ugumu pembeni mwa mshono, kisha kutu huanzia hapo hapo. Kama fedha haitoshi, mpe fundi huyo huyo kazi nyingine: akate bamba la milimita 12, alitoboe na kulifunga kwa bolti za 10.9 kwenye matundu ya chesisi yaliyopo. Hilo ni la kuvutwa polepole na trekta au winchi. Usilivute kwa kasi na mkanda unaonyumbuka.

Shakeli laini za kamba zinasifiwa, na kweli ni nyepesi, lakini zinataka jicho lenye kingo za mviringo, kwani kingo kali huzikata.

Bajeti ikitosha upande mmoja tu, anza na nyuma. Mara nyingi gari lililozama hutoka kirahisi kwa kurudishwa lilikotokea, kwenye njia ambayo magurudumu yameshaifungua.