Nyota 4: mgahawa ambao mwanangu mwenye usonji amekula akamaliza

Jamani hawa watu niwape maua yao mapema. Mwanangu ana miaka 9, ana usonji (autism), na anakula vitu vitano tu, wali mweupe, chipsi kavu, yai la kuchemsha, mkate na ndizi mbivu. Sio deko. Kuna tatizo la ulaji linaitwa ARFID, Marekani waliliingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili 2013, mtu hakwepi chakula kwa kuogopa kunenepa, anakwepa harufu, utelezi mdomoni, au aliwahi kupaliwa akaogopa, na kwenye usonji linaonekana sana. Mwanangu bamia ikimgusa ulimi anatapika kweli.

Basi Jumamosi nikamweleza dada wa mezani, akasema "mama niambie tu anavyopenda". Akatuhamishia kona mbali na blenda ya juisi maana ile kelele ikianza mtoto anaziba masikio na kula ndo basi tena. Wali ukaja sahani yake peke yake, maharage yangu bakuli lingine, hata tone la mchuzi halijagusa. Alimaliza wote! Machozi yalinitoka pale pale.

Nyota moja nimeitoa coz tuliporudi tulimkuta kaka mwingine, nimeshamwambia bila mchuzi bado akamwagia juu eti apate ladha, mtoto hakugusa kitu mpaka usiku. Naomba huyo dada awafundishe wenzake, kwenye grupu letu wamama kibao wanatafuta sehemu kama hii.