Mwanasesere Addy na kitambaa cha amerikani: uzoefu wangu wa miezi sita

Binti yangu ana miaka tisa, kazaliwa hapa Columbus, Ohio. Historia ya Marekani anayorudi nayo kutoka shule ni ya karatasi za kujaza nafasi. Anajaza, anapewa vema, kesho yake kasahau. Mimi nimekulia Tanga, historia hiyo niliipitia juu juu tu, kwa hiyo sikuwa na cha kumwongezea. Mwezi wa tatu nikaamua kumtafutia Addy.

Kwa wasiomjua: Addy Walker ni mmoja wa wanasesere wa historia wa American Girl, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na Pleasant Rowland kule Wisconsin. Kila mwanasesere ana mwaka wake na hadithi zake. Kirsten ni mhamiaji kutoka Sweden aliyefika Minnesota, mwaka wake ni 1854. Molly ni wa 1944, baba yake yuko vitani. Addy, aliyeanza kuuzwa 1993, ana miaka tisa kama wangu. Ni mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea, baba yake na kaka yake wameuzwa, naye na mama yake wanatoroka utumwa North Carolina mpaka Philadelphia. Mdogo wake mchanga wamemwacha nyuma, maana kilio chake kingewakamatisha.

Akiwa mpya bei inapita dola 100. Wangu nilimpata duka la mitumba kwa 45, mguu mmoja unaning'inia. Usiogope mguu uliolegea. Ni kamba ya ndani tu, inakazika. Kiwiliwili ni kitambaa kilichojazwa, mikono na miguu ni vinili, macho yanafumba ukimlaza, urefu kama sentimita 45. Ametengenezwa akatengenezeka.

Kasoro iko kwenye nywele, au tuseme iko kwetu sisi. Jambo la kwanza binti alilotaka ni kumsuka twende kilioni. Zile ni nywele za wigi: ukivuta kama unavyovuta za mtoto, zinabaki mkononi. Maji kidogo ya kupuliza na brashi ya waya, basi. Mafuta ya nazi niliyakuta karibu na kichwa chake nikayawahi.

Tahadhari kwa wazazi: katika hadithi ya kwanza msimamizi wa shamba anamlazimisha Addy kula viwavi alivyosahau kuvitoa kwenye majani ya tumbaku. Binti yangu alifunga kitabu, tukakaa siku mbili bila kukifungua. Mtoto wa miaka sita ningemsubirisha.

Sasa kuhusu ufundi wa mikono, na hapa ndipo nilipopoteza dola 30. Niliagiza mtandaoni sanduku la somo la Underground Railroad, yaani "reli ya chini ya ardhi", jina la njia za siri walizotorokea watumwa. Muuzaji simtaji. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji vilivyokwisha kukatwa, gundi iliyokauka, na blanketi la viraka la karatasi ambalo mtoto anabandika stika juu yake. Dakika ishirini, kazi kwisha, meza imejaa takataka. Hilo ningelisamehe. Lakini kadi ya maelezo ilisema watumwa waliotoroka waliongozwa na alama za siri zilizoshonwa kwenye mablanketi ya viraka na kuanikwa uani. Nikalisimulia kwa mbwembwe zote. Baadaye nikasoma kwamba wanahistoria hawajapata ushahidi wa jambo hilo, na kwamba limeenea zaidi tangu kitabu kimoja cha 1999. Ilibidi nirudi kwa mtoto kufuta maneno yangu. Naye akanibana: kwa hiyo na reli nayo ni uongo? Reli yenyewe haikuwa reli, nikamwambia. Walikuwa watu, nyumba zao, na miguu ya waliotoroka. Wengi walivuka mto Ohio kutoka Kentucky, mto ule ule tunaouvuka tukienda kwa rafiki zetu Louisville.

Baada ya hapo tukaacha masanduku. Blanketi la viraka tukalishona la kweli: viraka tisa, tatu kwa tatu, sindano na uzi. Nilikwenda duka la vitambaa kutafuta cha bei poa cha kujifunzia, nikakutana na jora la pamba isiyotiwa rangi, manjano kidogo, na ile harufu ya wanga. Amerikani! Bibi alikuwa akishonea foronya. Nilikuwa nimelitamka jina hilo tangu utotoni bila kujiuliza lilitoka wapi.

Nikatafuta. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta kitambaa hicho Zanzibar. Sayyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Walishusha majora, wakapakia pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Viwanda vilikuwa kaskazini mwa Marekani, lakini pamba ilitoka kusini, kwa mikono ya watumwa. Vita vilipoanza 1861 mzigo ukakauka, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Jina likabaki.

Nilimweleza binti haya huku tunashona. Kwanza akanisahihisha: Addy alikuwa kwenye tumbaku, si pamba. Sawa. Halafu akauliza, "Mama, na kwetu kulikuwa na watumwa?"

Kama tungekuwa tumekaa tunatazamana, nadhani ningekwepa. Nilikuwa na sindano mkononi, macho kwenye mshono, nikasema. Kwamba Pangani, kama kilomita 50 kutoka Tanga, watu waliletwa kutoka bara wakapakiwa majahazini. Kwamba soko la Zanzibar lilifungwa 1873, miaka minane tu baada ya utumwa kupigwa marufuku Marekani nzima. Kwamba miongoni mwa walionunua walikuwamo watu wa pwani, na sijui ukoo wetu ulisimama upande gani. Alishona mishono kama mitano kimya. Kisha akaomba uzi mwingine.

Kazi nyingine ni ndogo ndogo. Addy huvaa kauri, urithi wa bibi wa mzazi wake, aliyeletwa kutoka Afrika, imetungwa kwenye kamba ya kiatu cha kaka yake. Kauri tulikuwa nazo za kwetu, kwenye chupa dirishani. Kuzitoboa ni kazi. Nilivunja tatu kwa msumari kabla sijajua kuusugua mgongo kwa msasa kwanza. Jirani ana Kirsten, kwa hiyo watoto walitengeneza siagi kwa kutikisa krimu ndani ya chupa yenye kifuniko. Robo saa, ikaliwa na chapati.

Je, ningenunua tena? Addy, ndiyo, wa mtumba. Nguo na vifaa vyake vya dukani, hapana. Yadi tatu za amerikani zimetutosha, na nyingine imebaki.

Mabaki hayo yamezaa jambo jipya. Nilimwonyesha binti mwanasesere tuliyekuwa tukicheza naye sisi, gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Tumemvika amerikani, sasa anakaa rafuni karibu na Addy. Lakini binti anasema hajakamilika, kila mwanasesere ana mwaka wake, huyu wa mwaka gani? Nimempigia mama Tanga kumuuliza bibi yake alizaliwa lini. Anasema hakumbuki, atamuulizia mjomba.