Nyasi za nyumbani: nunua nini kwanza kabla ya masika

Nilipohamia Kigamboni nilinunua nyasi zilizokatwa kama mazulia, nikazitandaza juu ya mchanga uliojaa vipande vya matofali na simenti waliyoacha mafundi. Masika zilipendeza. Kufika Agosti zilikuwa rangi ya ufagio. Leo mtu akiniuliza, namwambia aanze na udongo.

1. Samadi iliyoiva. Tia mkono ndani ya kiroba. Kama bado ina joto au inakereketa pua kwa harufu ya mkojo, achana nayo, itaunguza mizizi. Iliyoiva ni baridi, inavunjika vidoleni, inanukia udongo tu. Tandaza unene wa sentimita 2 hadi 3, kisha uichanganye na mchanga kwa jembe. Udongo mweusi unaoletwa kwa gari la Kenta nao unafaa, ila uukague kabla haujamwagwa: ukiona vinundu vyeusi vimeungana kwa nyuzi, hiyo ni ndago. Mrudishe mwenye gari, hata akinuna. Ndago ikishaingia uani, utaing'oa mpaka uchoke.

2. Vipande vya ukoka. Kwa bei na uvumilivu, hakuna kinachovishinda. Vipande vipandwe mvua za Machi zikishashika, kila sentimita 15, na masika yenyewe yatavifunga. Kasoro yake ni kivuli: chini ya mwembe usihangaike. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, chukua paspalamu, nyasi inayovumilia chumvi. Nyasi za Kikuyu tuwaachie watu wa Arusha na Njombe, joto la pwani linazitesa.

3. Mazulia. Ghali, lakini kwenye mteremko yanashika udongo siku hiyohiyo.

4. Mbegu. Za ukoka ni ndogo kama vumbi, na mvua kubwa ya Aprili huzipeleka kwa jirani. Subiri masika yapungue, mwishoni mwa Mei, na uwe na maji ya kunyunyiza kila siku kwa wiki mbili tatu. Soma tarehe ya pakiti.

Mbolea ya CAN nunua baadaye, nyasi zikishashika mizizi. Mbolea ya urea nayo itumie kwa uangalifu: ina nitrojeni asilimia 46, ukiirusha kwenye majani yenye umande bila kumwagilia inaacha mabaka.

Chokaa usinunue kwa kuambiwa na muuzaji. Sehemu nyingi za pwani udongo umetokana na matumbawe, chokaa imo tayari. Kama una shaka, peleka udongo ukapimwe, TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kituo cha Mlingano kule Tanga, ndiyo kazi yao.