Uchambuzi: Maji ya Bandia kwa Mji Mdogo wa Kando ya Mto. Epoksi, Akriliki au Resini ya Taa?

Karibuni tena, watazamaji. Mezani leo kuna mji wa modeli, usiokuwepo kwenye ramani yoyote: vijumba vichache, gati la mbao, ngazi za mawe, na mto mtulivu unaopita mbele yake. Skeli ni 1:87, maana yake mtu wa mita 1.75 hapa ana milimita 20 tu. Nyumba hatuzichambui leo. Nyumba ukikosea unaibandua, unaibandika upya. Tunachambua maji, kwa sababu mgeni wa mji kama huu anaingilia mtoni, na jicho la anayetazama linafuata njia hiyohiyo: linatua kwenye maji, linafika gatini, linapanda ngazi. Maji yakiharibika, hata uwe na mapaa mazuri namna gani, mgeni ameshaudhika mlangoni.

Sokoni kuna aina tatu kuu za maji ya bandia. Ya kwanza ni epoksi ya chupa mbili, A na B, unachanganya inaganda. Ya pili ni akriliki ya chupa moja, unamimina tu inakauka yenyewe. Ya tatu ni resini, yaani kimiminika cha plastiki kinachoganda (epoksi nayo ni resini), ila hii inagandishwa kwa taa ya miale ya urujuanimno. Hiyo ya tatu niimalize hapahapa: ni nzuri kwa kidimbwi juu ya ngazi au tone kwenye ukingo wa ndoo, kwa tabaka la milimita 2 hivi. Kwa mto mzima, hapana. Inajikunja inapoganda, na mwanga usipofika chini unabaki na uso mgumu juu ya uji.

Akriliki ya kumimina ina raha yake: haina vipimo, haina harufu kali, brashi unaosha kwa maji. Tatizo ni kwamba inakauka kwa kupoteza maji yake, kwa hiyo inasinyaa. Unamimina milimita 3, kesho unakuta imepungua na kingoni imeacha mfereji. Unaongeza tabaka jingine, unasubiri saa 24 tena. Ukimimina nene kwa pupa, juu panafunga, chini panabaki peupe kama maziwa, na weupe huo unaweza usiondoke. Pia kwenye joto inalainika kidogo. Ukiegemeza kitu juu yake, kinaacha alama. Kwa mto mwembamba na mtu mwenye subira, inatosha.

Sasa epoksi, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa mji huu. Lakini soma chupa kwanza, kwa sababu epoksi ziko mbili. Ipo ya kupaka juu ya meza, nzito, inayoganda haraka, ya tabaka la milimita 3 hadi 6. Ipo ya kumimina kina, nyepesi kama maji, inayovumilia sentimita kadhaa kwa mkupuo mmoja lakini inachukua siku mbili tatu kuganda. Watu wengi wanaolalamika kwamba epoksi imepasuka au imegeuka manjano walichukua ile ya meza wakamimina sentimita tatu kwa pamoja. Epoksi inapoganda inatoa joto, na joto hilo likikosa pa kutokea linajichochea lenyewe. Hata kwenye kikombe ni hivyo: mililita 400 zikisahaulika ndani ya kikombe cha plastiki zinaweza kufuka moshi na kukiyeyusha. Ukimaliza kukoroga, mimina. Usikae unatafuta simu.

Kina unachohitaji ni kidogo kuliko unavyodhani. Milimita 5 kwa skeli hii ni kama sentimita 43 za mto halisi, yaani maji ya magotini, ila mtazamaji hatajua, maana kina kinatengenezwa na rangi ya chini, siyo na resini. Paka katikati ya mto kahawia iliyokolea yenye kijani, halafu fifiza kuelekea ukingoni hadi ifanane na udongo wenyewe. Zile rangi za bluu zinazouzwa pamoja na resini ziache. Mto mtulivu unaobeba tope hauwi bluu. Ukiuweka bluu, mji unageuka bwawa la kuogelea.

Hesabu ni hii. Mto wa sentimita 60 kwa 12, kina nusu sentimita, ni mililita 360. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kinachobaki kwenye kikombe, unapata kama 400. Chupa ikisema mbili kwa moja kwa ujazo, weka mililita 267 za A na 133 za B. Hapo kuna mtego: hiyo ni kwa ujazo. Ukitumia mizani, uwiano unabadilika kwa sababu A ni nzito kuliko B, kwa hiyo fuata uwiano wa uzito ulioandikwa kwenye chupa. Ukizidisha B ukidhani itaganda haraka, utapata uso unaonata daima. Koroga taratibu dakika tatu, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kisha hamishia kwenye kikombe kingine safi ukoroge tena dakika moja. Madoa yanayonata juu ya mto ambao kwingineko umeganda vizuri karibu kila mara ni yale mabaki ya ukutani ambayo hayakuchanganyika.

Kabla ya kumimina, weka pimamaji juu ya ubao, kwa urefu na kwa upana. Resini haikusamehe, ikiona mteremko inaufuata. Pale mto unapoishia kwenye ukingo wa ubao, ziba kwa kipande cha plastiki ngumu kilichofunikwa utepe wa kufungia maboksi, ambao epoksi haiushiki, kisha pitisha silikoni kwa nje. Plasta na mbao zina matundu ya hewa: usipozifunga kwa vanishi, hewa inatoka wakati resini imeshaanza kuwa nzito, na unapata shanga za mapovu kuzunguka kila nguzo ya gati. Ndiyo maana ninapenda kumimina tabaka la milimita 1 kwanza. Kama kuna tundu linalovuja, utalijua kwa hasara ya kijiko, siyo ya lita.

Nikisogeza kamera hapa gatini, tazama nguzo. Zimefika hadi chini kabisa ya mto, na ngazi ya mwisho imezama. Resini imepanda kwenye mbao kama milimita moja. Hiyo kwenye nguzo inaonekana kama unyevu, iache. Ikipanda kwenye nyasi, ipake vanishi isiyong'aa. Mtumbwi nao umekatwa tumbo usawa wa maji na kuwekwa kabla ya tabaka la mwisho. Mtumbwi mzima ukiuweka juu ya resini iliyokauka, unakaa kama sahani juu ya kioo. Na umefungwa kwa pua, kwa hiyo pua inatazama mto unakotoka. Wavuvi wataliona hilo kabla ya kuona nyumba.

Kibao cha KARIBUNI kinatazama mtoni, siyo barabarani. Herufi zake zina milimita 3.4, sawa na sentimita 30 halisi. Zikiwa ndogo sana, aliyesimama hatua moja kutoka mezani hasomi kitu.

Mawimbi madogo ni kazi ya jeli ya akriliki inayong'aa. Gongagonga kwa brashi, isizidi milimita moja, na nyuma ya kila nguzo vuta mkia mdogo kufuata mkondo. Ni nyeupe ikiwa mbichi. Kesho yake inakuwa angavu.

Kuhusu usalama: vaa glavu za nitrili, fungua madirisha. Epoksi mbichi inaweza kukuletea mzio wa ngozi, na ukishaanza hauondoki. Ikikugusa, osha kwa sabuni, usitumie thina, maana thina inaisaidia kupenya. Na ukikutana na resini ya poliesta, aina nyingine yenye harufu kali, isiguse povu jeupe ulilojengea kingo, italila.

Funika mto kwa boksi saa 24 za mwanzo vumbi lisitue, subiri siku saba kabla ya kuweka kitu kizito. Baadaye uso ukichubuka, lowesha msasa namba 1000, kisha 2000, halafu paka jeli nyembamba juu yake. Na meza iwe mbali na dirisha la jua: epoksi hugeuka manjano juani, hata ile iliyoandikwa kwamba haigeuki, tofauti ni muda tu.